Miaka mitatu nasomea uandishi wa habari, studio ya chuo nimeichungulia dirishani

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Mwaka huu nimemaliza shahada ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Ada imelipwa yote. Mwaka wa pili mkopo ulipokwama, baba aliuza ng'ombe wawili. Chuo kina studio ya redio, lakini ina kufuli, na mwenye ufunguo kila ukimtafuta "ametoka kidogo". Tuliingia mara moja tu, siku walipokuja wakaguzi. Tukapangwa kwenye viti, tukavalishwa hedifoni, tukapigwa picha, tukatolewa. Mashine haikuwashwa.

Darasani ni nadharia za mawasiliano, Lasswell wa 1948, Shannon na Weaver wa 1949, michoro ya mishale kutoka kwa mtumaji hadi mpokeaji. Nimeikariri yote, nina A.

Nikaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye redio moja hapa Dar. Nikatumwa soko la samaki Feri kuulizia bei zilivyopanda. Mama mmoja muuza samaki aliniambia mambo mazito ya mkopo wa kikundi, mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga. Kurudi, mhariri akaweka sikioni: upepo mtupu, sauti ya mama haisikiki. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba ufukweni mikrofoni inavishwa sponji, wala kwamba hedifoni unavaa wakati unarekodi.

Mhariri hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, uko mwaka wa ngapi?" Nikamwambia wa tatu. Akanyamaza.

Msimamizi kutoka chuoni alikuja siku moja, dakika kumi, akasaini kitabu, akaondoka.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zinataka mwandishi awe na angalau stashahada ndipo apate ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kufanya kazi hii. Vyuo vinajua hatuna pa kukwepea, tutakuja tu na ada zetu. Kuna watu wamekaa redioni miaka 15, wanajua kazi kuliko walimu wangu, wanahangaikia cheti. Mimi niliyerekodi upepo ninacho!

TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mkija tena kukagua, msitembezwe na mkuu wa idara. Ombeni ufunguo wa studio, mchukueni mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu mliyemkuta koridoni, mwambieni awashe mitambo.