Mama mkwe kanipa kanga ya "Hasidi hana sababu". Niielewe vipi?

MkeWaTanga:
Habari zenu wadau, shikamooni wakubwa. Nimelelewa Mwanza, nimeolewa Tanga, huu mwaka wa kwanza. Kwetu kanga ni ya kubebea mtoto na kujifunga jikoni, dukani unachagua rangi basi. Mwezi uliopita mama mkwe alinipa doti ya kanga. Kuifungua, jina lake "Hasidi hana sababu". Nilinyong'onyea. Nikashukuru, nikaiweka kabatini, na tangu siku hiyo najiuliza nimemhusudu nani. Wiki hii kaniuliza mara mbili, "Mbona ile kanga hujifungi?" Nikacheka tu, naye akanyamaza. Tunasalimiana, tunakula, lakini mazungumzo yamekatika. Mume wangu anasema hiyo ni kanga tu. Nimuulize mama, au niivae nikae kimya?

MuuzaKanga:
Dada, mumeo kakosea. Dukani kwangu wateja wa pwani husoma jina kwanza, rangi baadaye. Wengine huja wakitaja jina tu. Mama alichagua, hilo usijidanganye. Ila alikusudia nini?

BibiWaPangani:
Marahaba mwanangu. Itoe kabatini ujifunge kiunoni, halafu tazama jina limekaa wapi. Nyuma! Wewe uliyeivaa huwezi kulisoma, analisoma yule unayempa mgongo. Maneno ya kanga huwa ni ya aliyeivaa. Angetaka kukupiga kijembe angejifunga mwenyewe, akapita mbele yako na kurudi. Huku ndivyo tunavyosemana. Kukupa wewe ni kukupa maneno ya kuwajibu wengine. Hakuna jirani au wifi anayekusema?

Baharia77:
Bibi namheshimu sana, lakini nimeshaona kanga ikitolewa zawadi ili kumpasha mtu. Kwa kukisia hutapata jibu. Muulize, ila si kwa "mama, umenisema?" Kaa naye mkichambua mchele, itoe, mwambie, "Mama, mimi sikulelewa na majina ya kanga, nifundishe hili." Hapo umempa pa kuanzia. Na kule kucheka kwako, yeye naye kakutafsiri. Pengine anaona umeikataa zawadi yake.

MkeWaTanga:
Nimerudi. Nilimwambia hivyohivyo jana, mchele uko kwenye ungo. Hakujibu. Aliingia chumbani akatoka na doti nyingine, jina lilelile, yake. Kumbe alinunua mbili tuvae sare kwenye harusi ya binamu wa mume wangu, maana kuna mtu kule alisema ndoa yangu haitamaliza mwaka. Mama alikuwa anasubiri nijifunge ya kwangu ndipo aniambie! Nililia, naye akalia. Bibi, Mungu akuweke. Harusi ni Jumamosi. MuuzaKanga, naomba kuuliza: nifue kwanza, au nikate na kupinda kwanza?

MuuzaKanga:
Kata, pinda, ndipo ufue. Ukifua kabla ya kupinda itatoka nyuzi pembeni.