Tumekwama Chimala kwa dhoruba, kijiji cha jirani kimepigwa na kisulisuli. Tuendelee usiku huu?

MamaDoreen: Wakuu, habari za usiku. Tulitoka Uyole mchana kwenda msibani Mafinga, mazishi ni kesho saa nane. Tulipopita Igurusi mbingu ikawa nyeusi tii, mvua ya mawe ikatupiga mpaka waipa zikashindwa kazi. Tukajikokota mpaka Chimala, tumepaki kituo cha mafuta. Sasa yamebaki manyunyu na radi za mbali. Kumbe kijiji alikoolewa wifi yangu, si mbali na hapa, kimepitiwa na kisulisuli. Nyumba zimeezuliwa, na kijana aliyetoka huko ameona bati limeviringika kwenye nguzo ya umeme kama kitenge. Simu ya wifi haipatikani. Mume wangu anataka tupitie huko usiku huu, kisha tuunganishe Mafinga. Tuna Noah na watoto wadogo. Naombeni ushauri, nimechanganyikiwa.

LoriLaNyanda: Pole sana dada. Mwambie shemeji alaze gari. Naendesha lori njia hiyo, naijua. Kuanzia hapo mlipo mpaka Igawa barabara iko chini ya milima ya Kipengere, na mito kama Chimala na Mbarali inashuka kutoka huko juu. Kwenu mvua inaweza kukatika huku mlimani inamwaga, maji yakaja baadaye mkiwa darajani. Usiku huoni kina wala huoni kama lami imekatika. Maji ya magotini yakiwa na kasi yanaiondoa Noah barabarani. Tafuteni gesti, ondokeni kukipambazuka, mtawahi mazishi bila presha. Mvua za radi huku mara nyingi zinaanza mchana, jua likishapasha bonde la Usangu. Asubuhi kwa kawaida kumetulia.

Kijana_Mwanjelwa: Mkikutana na upepo huo njiani fungueni madirisha yote upite, gari halitapinduka.

NesiMstaafu: Hapana mwanangu, usimpe mama wa watu ushauri huo. Kinachoumiza wengi kwenye kisulisuli ni vitu vinavyoruka: mabati, mbao, vioo. Vioo vifungwe, mikanda ifungwe. Mkikiona mbali, msishindane nacho mbio, kipisheni kwa kukata njia upande mwingine. Pakiwa na nyumba imara ya tofali, ingieni chumba cha ndani kisicho na dirisha, mjikunje chini na kufunika vichwa. Chini ya mwembe au chini ya daraja hapafai. Na kwa radi, kaeni ndani ya gari lililofungwa. Bodaboda haimkingi mtu.

FundiKenchi: Kijijini msiende gizani. Nyaya zimelala chini na hujui upi una umeme, misumari imejaa njiani. Mpigieni mtendaji au mwenyekiti wa kijiji. Kama kuna mtu amefukiwa na ukuta, zimamoto ni 114.

MamaDoreen: Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumempata mwenyekiti. Wifi yuko salama, wamelala kanisani na majirani. Mume wangu amekubali tulale. Asubuhi tutapita kukishakucha, tukiambiwa njia ni salama. Tuwabebee nini?

LoriLaNyanda: Kuni zimelowa, bebeni chakula kilichopikwa. Blanketi pia, baridi ya huko baada ya mvua ya mawe si ya mchezo.

FundiKenchi: Na turubai na kamba, ila muulizeni kwanza mwenyekiti kipi kimepungua. Waambieni mabati yaliyoruka wayakusanye, yaliyokunjika kidogo yananyooshwa yanatumika. Wasipande juu ya kuta zilizolowa kabla fundi hajazikagua. Wakiezeka upya, kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ifungwe kwa waya mnene unaoshuka mpaka ndani ya ukuta, mistari kadhaa ya tofali chini. Nyumba nyingi huku kenchi imekalishwa tu juu ya tofali na misumari miwili mitatu, upepo ukiingia chini ya paa unalibeba zima zima. Wifi yako akifika hatua hiyo anitumie ujumbe hapa, nitamwelekeza bure.