Nitajuaje kama uchumi wa Mtwara unakua kweli?

Mwanachuo_Kusini:
Wakuu, shikamooni. Naandika ripoti ya chuo kuhusu uchumi wa mkoa wa Mtwara. Takwimu za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) za pato la mkoa ninazo, ila zinachelewa kutoka na hazinionyeshi wilaya. Ninyi mlioko Newala, Masasi, Tandahimba, mnaangalia nini kujua mwaka huu hali imepanda au imeshuka?

Fundi_Bati:
Marahaba. Mimi niko Tandahimba, nauza mabati na misumari, uchumi nausoma kwenye daftari la madeni. Minada ya korosho ikianza Oktoba na hela zikaingia kwenye akaunti za wakulima, watu wanakuja kulipa kabla sijawakumbusha. Halafu naangalia wanaulizia geji gani, yaani unene wa bati; namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi. Mwenye uhakika anataka 28, mwenye mashaka anachukua 30 na bado anaomba apunguziwe.

Usishike bei ya mnada peke yake. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ya chini, wakulima wakagoma, serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei nzuri, nani abishe? Ila malipo ya wengi yalichelewa, na Januari dukani kwangu ilikuwa kama Ramadhani mchana. Kwenye jedwali lako, pembeni ya bei weka na tarehe hela ilipofika.

Halafu kuna kangomba, yaani kuwauzia walanguzi korosho nje ya mnada. Kabla ya msimu, korosho zingali mtini, ukisikia watu wanauza kwa bei ya kutupa, ujue ndani hakuna akiba. Mnada ukija kupanda, faida si yao tena.

Msimbati_Boy:
Mbona gesi umeiruka? Mnazi Bay ipo, kiwanda cha saruji cha Dangote kipo.

Fundi_Bati:
Sijaviruka, mdogo wangu. Vinanenepesha pato la mkoa, sawa. Lakini gesi inaingia bombani inakwenda Dar, na wanaoajiriwa nayo ni wachache. Ukigawa pato lote kwa idadi ya watu, mkulima wa Newala ataonekana tajiri bila yeye mwenyewe kujua.

Mwanachuo_Kusini:
Nimekuelewa mkuu. Ila kangomba imepigwa marufuku, nani atakubali kunijibu?

Fundi_Bati:
Usiulize nani kauza. Kaa kijiweni na bodaboda, uliza wiki hii kangomba inakwenda shilingi ngapi. Hiyo watakutajia hata kabla hujaagiza chai.