Holide ndefu na mtoto wa S2: kochingi, vitabu ama simu?

MamaBweyale
Habari za jioni wote humu. Nina binti anamaliza S2 (kidato cha pili huku kwetu Uganda), mwakani anaingia S3, Kiingereza anaongea vizuri tu lakini akishika kalamu sentensi haina kichwa wala miguu. Shule zinafunga wiki ijayo na mpaka Februari ni kitambo, nikimwacha hivi hivi holide yote itaishia TikTok. Sasa pesa yangu inatosha kitu kimoja, sio vitatu. Kuna kochingi hapa senta, vijana wa chuo wanafundisha asubuhi. Kuna kununua vitabu vya hadithi asome nyumbani, lakini vitabu gani sijui. Halafu jirani ananiambia wacha kupoteza pesa, weka bando asome bure kwenye simu. Nyinyi mngechukua lipi? Mjue tu nyumbani tunaongea Kiswahili na Kiacholi, Kiingereza changu mimi ni cha kuuzia nyanya kwa hiyo kumsahihisha sitaweza.

mwl_Tororo
Pole na kazi mama. Mimi nafundisha Kiingereza kwa hiyo niseme vile naona darasani.

Kochingi toa kwanza. Wizara imekataza masomo ya holide mara kibao na bado watu wanafanya, lakini hata ukiweka sheria pembeni, huko wanapiga maswali ya mitihani iliyopita tu, mtoto anatoka na majibu kichwani na Kiingereza ni kile kile. Binti yako hana shida ya majibu, ana shida ya kuandika, na kuandika kunaingia kwa kusoma sentensi nzuri nyingi mpaka masikio yazizoee.

Halafu uliza kitu kimoja kabla hujatoa senti: ataendelea na Litricha (somo la fasihi ya Kiingereza) ama la? Kwenye mtaala huu mpya ulioanza na S1 wa 2020, Kiingereza ni lazima mpaka S4 lakini Litricha ni ya kuchagua. Kama anaichukua, mwambie amuulize mwalimu wake setibuku za mwakani, yaani vitabu vya fasihi vilivyopangwa kusomwa darasani, kabla hawajafunga, maana ukinunua kwa kubahatisha utakuta shule inasoma nyingine kabisa. Kama haichukui, achana na setibuku, mtafutie kitabu atakachomaliza. Nasema atakachomaliza. Kitabu kimoja kifupi kilichosomwa mpaka mwisho nakipenda kuliko vinne vilivyofunguliwa kurasa ishirini ishirini.

BintiBombo
Vitabu mama, vitabu tu. Na anza na vya kuchekesha!! Tafuta Kalasanda ya Barbara Kimenye, ilitoka 1965, na Kalasanda Revisited iliyofuata 1966. Huyu mama alizaliwa Uingereza lakini aliishi hapa akafanya kazi kwenye serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na kile kijiji chake ni Buganda tupu, umbea wa dukani, watu kujidai, wivu wa majirani. Kuna mzee Pius anashinda pesa za kubeti mpira, banange, ndugu wanavyojaa kwake hata wale hajawahi kuwasikia, kila mtu ana shida yake na kila shida dawa yake ni pesa za Pius. Yani ukiisoma leo na hivi vijumba vya kubeti vimejaa kila kona utafikiri imeandikwa jana. Ni hadithi fupi fupi, moja unaimaliza wakati maharage yanaiva.

Kama bado ni mtoto mtoto kuna zile za Moses, pia za Kimenye, watoto watundu wa shule ya bweni ya Mukibi. S1 mpaka S2 wanazipenda sana.

Usidanganywe na mtu akuuzie Kintu ya Makumbi eti kwa sababu ni Mganda na ameshinda tuzo. Ni kitabu kikubwa kweli, mimi nimekipenda sana, kinaanzia 1750 huko, lakini kina kurasa zaidi ya 400 na mambo ya wakubwa ndani. Kisubiri awe S6.

Afande_mstaafu
Nimesoma maoni nimeshangaa. Mtoto hawezi kuandika mnampa vichekesho? Mama, mnunulie Great Expectations ya Dickens na kamusi. Kila siku atoe maneno kumi mapya ayaandike kwenye daftari, jioni umuulize. Sisi ndivyo tulivyosoma na Kiingereza chetu mpaka leo kimesimama. Pia Julius Caesar ya Shakespeare, na hapo hata nyinyi wa Kiswahili mnasaidika kwa sababu Mwalimu Nyerere alishaitafsiri 1963. Weka vitabu viwili mezani kimoja huku kingine huku. Hiyo ndio kazi ya holide, sio kucheka.

s6vac_gulu
afande na heshima zote lkn sisi tulipewa hiyo great expectations, darasa la watu 80 walioimaliza nafikiri tulikuwa watatu, wengine wote walisoma pamfleti, ile yenye samari na "themes" na majibu ya maswali tayari. na hizo samari kila mtu anakariri sentensi zile zile mpaka mwalimu akisahihisha anasoma insha moja mara 80

mama ukinunua kitu chochote usinunue pamfleti

Afande_mstaafu
Hao 77 walikuwa wavivu, Dickens hana kosa.

mwl_Tororo
😂 Afande. Lakini kuna kitu hapa wengi hawakijui kuhusu Dickens. Great Expectations haikutoka kama kitabu kimoja kinene, ilitoka kipande kipande kwenye jarida lake la kila wiki, kuanzia Desemba 1860 mpaka Agosti 1861. Watu walikuwa wanasubiri wiki nzima kujua yule mtoto Pip atafanywa nini na yule mfungwa wa makaburini. Ndio maana kila sura inakuacha unataka inayofuata. Sura zote ni 59, na holide yetu kutoka mwanzo wa Desemba mpaka shule zifunguliwe Februari ni karibu siku 60. Kwa hiyo sura moja kwa siku, inawezekana kabisa kwa mtoto mwenye moyo. Kumrushia mzigo wote mara moja na kumwambia kasome ndiko kunakomuua.

Lakini kwa binti ambaye sentensi zinamshinda, Dickens nisingeanza naye. Sentensi zake ni ndefu za karne ya 19, mtoto akiziiga ataharibika zaidi. Mpe Orwell, Animal Farm, ya 1945, sura kumi tu na Kiingereza chake kimenyooka, sentensi fupi safi, hakuna neno la kujionyesha. Na nyumbani kwenu kwa sababu ni Waswahili kuna Shamba la Wanyama ya Kawegere, ukibahatika kuikuta, mama asome hiyo na binti asome ile. Ya Achebe pia ipo, Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart, ilitoka 1973. Mkiwa wote mnajua hadithi, mazungumzo ya jioni yanakuja yenyewe.

AruaRider
Mbona wote mmeruka ya simu wakati mama ameuliza mambo matatu? Mimi ni boda hapa Arua na nasoma kwenye simu nikiwa steji, wacha niwaambie faida na hasara.

Faida: kuna Project Gutenberg, vitabu zaidi ya 70,000, bure na ni halali kwa sababu ni vya zamani vimetoka kwenye hakimiliki. Hiyo Great Expectations ya afande iko huko, ukichukua ile ya maandishi matupu bila picha hata MB 2 haifiki, bando la siku moja linakushushia vitabu vya mwaka mzima halafu unazima data unasoma. Tena kuna LibriVox, hapo watu wa kujitolea wanasoma vitabu kwa sauti tangu 2005, bure pia, binti anaweza kufuata kwa macho huku anasikia neno linatamkwaje. Mimi nasikiliza za Sherlock Holmes, zile kumi na mbili za kwanza, kila moja inaisha yenyewe, hata abiria akija katikati sipotei.

Hasara sasa. Za kwetu hakuna huko, Kimenye hakuna, mshairi wetu Okot p'Bitek hakuna, kwa sababu bado zina wenyewe. Zile PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni za wizi na nusu yake kurasa zimekatwa. Hasara ya pili mnaijua, TikTok iko kwenye simu hiyo hiyo 😅 mtoto anafungua kitabu, notifikesheni moja imelia, kwisha.

BintiBombo
Hiyo ya mwisho ndio sababu nasema karatasi. Kitabu cha mkononi hakina notifikesheni.

s6vac_gulu
mama umesema mnaongea kiacholi. mbona hakuna aliyetaja song of lawino?? watu wa tororo na bombo mnatuangusha

aliyeiandika, okot p'bitek, ni wa hapa gulu, kazaliwa 1931, na kabla ya kuwa profesa alikuwa mchezaji mpira, alienda uingereza 1956 na timu ya uganda iliyocheza pekupeku, timu ikarudi yeye akabaki kusoma. ya kiingereza ilitoka 1966 na ya kiacholi yenyewe wer pa lawino ikachapishwa 1969. lawino ni mke analalamika mumewe ocol amesoma sana sasa anaona aibu kila kitu cha kwao, chakula, ngoma, nywele, na ameleta mwanamke mwingine clementine anayejipaka poda. hapo mama huhitaji kiingereza kumsahihisha mtu. binti anasoma kwa sauti kwa kiingereza, wewe unamwambia kama lawino ana haki ama anazidisha. nyanya yangu tulimsomea, aligombana na ocol wiki nzima kana kwamba ni mkwe wake

mwl_Tororo
Lawino ni chaguo zuri sana na nakubali nilisahau ya Kiacholi. Ila angalizo moja tu: ni shairi, mistari mifupi inayokatika, kwa hiyo itampa sauti na hamu ya kusoma lakini haitamfundisha kupanga aya. Ichukue pamoja na kitu cha nathari.

Afande_mstaafu
Mwalimu unasema nathari halafu unamkataza Dickens.

mwl_Tororo
Sijamkataza afande, nimemsogeza mpaka S4.

MamaBweyale
Eh mmenisaidia kweli, nilidhani nitapata jibu moja nimepata mkutano mzima. Kochingi nimeachana nayo. Nimemuuliza binti amesema Litricha ataichukua, kesho anamuuliza mwalimu setibuku. Nikamsomea hapo mlipoandika ya yule mzee wa kubeti, kacheka kasema baba yake mdogo huyo huyo 😂 Sasa swali, mimi sijui Kiingereza, nitajuaje kweli anasoma na sio kufungua tu kurasa?

mwl_Tororo
Mwache akusimulie kwa Kiswahili jioni mkiwa mnapika. Mtu ambaye hajasoma hawezi kusimulia, ataanza kuzungukazunguka na wewe kama mama utamjua tu. Halafu baada ya kila hadithi aandike nusu ukurasa kwa Kiingereza bila kuangalia kitabu, akimaliza afungue alinganishe mwenyewe, mwandishi alianzaje sentensi na yeye alianzaje. Wewe usisahihishe chochote, angalia tarehe tu kwamba ameandika. Shule ikifunguliwa daftari ampelekee mwalimu wake wa Kiingereza. Sasa hivi alama za kazi za shuleni zinaingia kwenye matokeo ya S4, asilimia 20, kwa hiyo mwalimu akimjua mapema kama mtoto anayeandika ni faida yake.

Shemeji yangu yuko Marekani anasema huko shule zinatoa listi ya vitabu vya kiangazi kabla ya kufunga Juni, na wakirudi wiki za kwanza wanaandika insha juu yake. Hapa kwetu hatuna huo utaratibu kwenye shule nyingi, kwa hiyo mzazi ndio anakuwa listi.

BintiBombo
Na asilazimishwe kumaliza kitabu kibaya jamani. Kurasa thelathini kikimchosha abadilishe.

Afande_mstaafu
Hapo ndipo nidhamu inapoharibika.

s6vac_gulu
afande asome hivyo yeye, binti asome anachopenda

MamaBweyale
Basi nimeamua hivi, Kalasanda na Lawino za karatasi, na huyo wa Arua anifundishe kushusha Great Expectations kwenye simu ya mzee wake, ile isiyo na TikTok, asome sura moja moja akitaka, asipotaka basi. Shida ni kwamba hapa Bweyale duka la vitabu ni la madaftari na kalamu tu. Nani yuko Kampala?

BintiBombo
Niko mjini Jumamosi. Wauza vitabu vya mtumba wa kule chini nawajua, juzi nilipata Kalasanda kwa elfu 8 jalada limechakaa lakini kurasa zote zipo, nilizihesabu, na wewe ukinunua mtumba popote hesabu kurasa kwanza hasa za mwisho. Lawino huwa haikosekani kabisa, inasomwa mashuleni. Nikizipata natuma na basi la Gulu, Bweyale si liko barabarani hapo hapo?

MamaBweyale
Barabarani kabisa dada yangu, konda anashusha stejini mbele ya soko. Niandikie inboksi bei nitume pesa.

Afande_mstaafu
Na kamusi.

BintiBombo
Na kamusi, afande 😂 ikipatikana ya bei ndogo nitaiweka.