Kufuma kwa sindano mbili na kroshia, tofauti iko wapi hasa?

mgeni_wa_uzi
Wadau habarini za humu, naomba mnitoe tongotongo. Nataka kuanza kazi za uzi ila kila ninayemuuliza ananichanganya zaidi, huyu ananiambia nunua sindano mbili, yule anasema achana nazo chukua kijiti kimoja cha kroshia (kile chenye ndoano nchani) kinatosha, na mimi nikiangalia naona vyote ni uzi tu unazungushwazungushwa. Ninachotaka kutengeneza ni sweta la mtoto, kofia, na vile vidoli vya uzi (kuna sungura nimemuona kwenye video sina amani naye). Sasa je, nikijua kimoja nimejua na kingine? Na mtu ambaye hajawahi kushika chochote aanze na kipi? Uzi ninao tayari, ni akriliki, kwenye karatasi yake kuna picha ya sindano na imeandikwa 4 mm.

fundi_vitanzi
Karibu sana. Zote mbili ni vitanzi, unavuta kitanzi kipya kipitie ndani ya kitanzi kilichopo, ndo maana yote mawili ukivuta uzi yanafumuka. Tofauti ni vitanzi vingapi vimebaki wazi wakati unafanya kazi. Kwenye sindano mbili mstari mzima uko wazi, yaani kama sweta lako lina vitanzi 80 kwa upana basi vyote 80 vimekaa kwenye sindano vinasubiri zamu, unavihamisha kimojakimoja kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia. Kroshia hapana, kila mshono unaumaliza hapohapo kisha unahamia wa pembeni, kwenye kijiti kinabaki kitanzi kimoja tu (iko kroshia ya kijiti kirefu inayobeba vitanzi vingi lakini hiyo iache kwanza).

Ukishaelewa hapo mengine yanakuja yenyewe. Sindano mbili zinatoa kitambaa chembamba kinachovutika, kwa sababu kila kitanzi kimeshikwa na jirani zake tu hakijafungwa, kwahiyo sweta linapita kichwani halafu linarudi saizi yake. Kroshia mishono yake inajizungushia uzi mara mbili mara tatu, kwahiyo inasimama, ni nene, na kwa kazi ya ukubwa uleule mara nyingi inakula uzi mwingi zaidi. Ila ubaya wa sindano sasa, kitanzi kimoja kikichomoka na ukavuta kidogo tu kinashuka mstari baada ya mstari mpaka chini kinaacha ngazi katikati ya sweta. Usipaniki wala usifumue. Chukua kijiti cha kroshia, kiingize kwenye kile kitanzi kilichoanguka kwa upande wa mbele, juu yake utaona nyuzi zimelala mlalo, kamata ule wa chini kabisa uvute upite ndani ya kitanzi, halafu unaofuata, hivyohivyo unapanda mpaka unafika juu unakirudisha kwenye sindano. Ukimaliza hata alama huoni. Ndo maana hata sisi wa sindano kijiti kimoja hakikosekani kwenye mfuko.

kroshia_tu
Mi namwambia aanze na kroshia, tusizunguke. Ukikosea unachomoa kijiti, unavuta uzi mpaka pale ulipokosea, unarudisha kijiti kwenye kitanzi kimoja unaendelea na safari. Jaribu kufanya hivyo na vitanzi 80 vikiwa hewani tuone.

Na huyo sungura ni kroshia, vidoli vya namna hiyo vimevuma kutokea Japani na karibu vyote ni kijiti. Kichwa kinaanza na kipete cha uzi chenye mishono 6, mzunguko wa pili unaweka miwili kila mahali inakuwa 12, wa tatu 18, wa nne 24, yaani unaongeza 6 kila mzunguko na hapo kinalala bapa kabisa. Ukiacha kuongeza kinaanza kujikunja chenyewe kinakuwa duara, ukianza kupunguza kinafunga. Ukizidisha kuongeza je? Kinajaa mikunjo kama marinda. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa chuo cha Cornell kule Marekani, alitumia mikunjo hiyohiyo ya kroshia kuwaonyesha wanafunzi umbo la jiometri ambalo kwenye karatasi bapa halichoreki vizuri, kwahiyo mtu akikwambia unapoteza muda mjibu unafanya hesabu.

Kwa kidoli usifuate hiyo 4 mm, shuka mpaka 3 au 2.5 mm ili mishono ibane, la sivyo pamba ya ndani inachungulia. Na mwanzo wa kila mzunguko chomeka pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine, maana mizunguko ya vidoli inapanda bila kiungo na ukipoteza hesabu umekwisha.

fundi_vitanzi
Kwa kidoli nakubali. Kwa sweta la mtoto sikubali, kroshia itasimama kama boksi.

kroshia_tu
Inategemea uzi na kijiti bwana. Uzi mwembamba, kijiti kikubwa namba mbili juu ya ile ya kwenye karatasi, mishono mirefu badala ya ile mifupi, linalegea vizuri tu. Wengi wanabana mkono halafu wanalaumu kroshia.

mgeni_wa_uzi
Asanteni, mwanga naanza kuuona. Sasa nikikuta nguo imeshatengenezwa najuaje ni ipi? Na hiyo 4 mm mmeigusa juujuu.

jicho_la_mshono
Angalia kwa karibu. Sindano mbili upande wa mbele unaona V zimepangana juu ya V, nyuma ni vinundu vya mlalo, na kitambaa cha V tupu pembeni kinajikunja hata ukikipiga pasi (ndo maana mikono na kiuno cha sweta wanachanganya mshono wa mbele na wa nyuma, unakaa bapa na unavutika vizuri). Kroshia unaona vinguzo vimesimama, katikati matundu, na juu ya kila mstari msuko wa mnyororo.

Nguo za dukani karibu zote ni mtindo wa sindano hata kama hakuna mtu aliyeshika sindano, maana mashine yake ni ya zamani, William Lee aliitengeneza Uingereza mwaka 1589. Kroshia bado ni kazi ya mkono, ukiikuta dukani kwa bei ya kutupa ama sio kroshia ni mashine imeigiza, ama kuna mtu kalipwa vibaya sana.

4 mm ni unene wa sindano wanaokushauri kwa uzi huo. Pembeni yake huwa kuna kamraba kameandikwa 10 cm, na idadi ya vitanzi na mistari inayotakiwa kujaa humo. Kabla ya sweta fuma kipande kikubwa kidogo kuliko hicho, kifue, kikauke, ndo upime. Vitanzi vikizidi unabana mkono, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua chukua nyembamba. Kwa kofia na sweta usiruke hatua hii, kwa sungura hata akizidi sentimita mbili nani atamdai.

mgeni_wa_uzi
Basi naanza na sungura, sweta litafuata. Uzi wenyewe ni mweusi una manyoya kidogo, unafaa?

kroshia_tu
Weka kabatini huo. Mweusi huoni mshono na manyoya yanaficha tundu la kuingiza kijiti, na kuufumua ni balaa. Tafuta rangi ya mwanga, laini usio na manyoya, unene huohuo.

fundi_vitanzi
Hapo hatubishani.