Nililipa dolari 120 mbwa abweke kwa amri, nikarudishiwa mbwa anayeuma watu wa makala (mkaa)

Wandugu wa Lubumbashi, na ninyi mnaosoma kutoka mbali, leo niacheni niseme. Karibu mwezi mzima nimekaa na hasira hii.

Niko Bel-Air. Ukuta wa lupango letu (uwanja wa nyumba) ni mfupi, zamu (mlinzi) tuliyekuwa naye amezeeka akarudi kwao, na umeme ukikatika usiku hata mkono wako huuoni. Nina mbwa wa kienyeji wa miaka miwili, Pilipili, jina kali kuliko mwenyewe. Sikutaka mbwa wa kuuma. Nilitaka hivi tu: nikisikia mtu anaparamia ukuta, niseme neno moja nikiwa ndani kitandani, mbwa abweke kama wako watatu. Nikisema la pili, anyamaze, majirani walale.

Nikampata bwana mmoja anayejiita mfundishaji. Akanionyesha video ya Malinois, mbwa wa aina wanayotumia polisi, anayeambiwa «Aboie!» anabweka, «Silence!» ananyamaza, kama taa unayowasha na kuzima. Wiki sita, dolari 120, nusu mbele nusu mwisho. Nikalipa. (Mke wangu alisema mapema. Tuyaache hayo.)

Siku ya kumchukua, bwana akasimama katikati ya lupango akapiga kelele: «Aboie!» Pilipili akaingia chini ya gari. Kabisa, hadi mkia haukuonekana. Bwana anacheka: «Anaona haya, patron, atazoea.» Na mimi nikatoa nusu ya pili. Ndiyo, nilitoa. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Kesho yake asubuhi akapita baba wa makala na baiskeli yake, magunia yamepangwa hadi juu ya kichwa chake, kama mnavyowajua. Lango lilikuwa wazi. Pilipili hakubweka hata mara moja. Alitoka kimya akamshika mguu.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji ya kumwagika dakika 15 nzima, nikampeleka kituo cha afya akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Pilipili amechanjwa, lakini nilimfunga siku 10 kumwangalia, maana na hilo halina mchezo. Sindano ni feza yangu, na siku ambazo yule baba hakuuza makala ni feza yangu pia.

Sasa sikieni kilichokuwa kinafanyika huko kwenye mafunzo. Kijana anayemsaidia yule bwana ndiye aliyeniambia. Mbwa anafungwa kamba fupi, mtu anajifunga gunia la makala mwilini, anakuja na fimbo, anampiga huku anasema «Aboie! Aboie!» mpaka mnyama alie. Kila siku! Kwa hiyo mbwa wangu amejifunza vizuri sana: gunia ni adui, na «Aboie» maana yake fimbo inakuja. Ataacha vipi kujificha?

Nikarudia ile video, safari hii kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Mkia wa yule Malinois unacheza muda wote. Mwishoni anatupiwa mpira. Yule mbwa hana hasira na mtu, anafanya kazi ya kupata mpira wake! Aliye nje ya ukuta ndiye anayesikia ukali.

Nikampigia simu bwana. Jibu lake: «Mbwa wa kienyeji hana kichwa.»

Hana kichwa? Wiki mbili hizi nimefanya mwenyewe. Mtoto wa jirani anagonga lango na kufuli. Kabla hajagonga, mimi nasema «Nani?» Mbwa anasikia lango, anabweka, palepale anapata ndakala (dagaa) mmoja. Dakika tano, tunaacha, jioni tunarudia. Siku ya sita nilisema «Nani?» na lango halikugongwa, akabweka. «Basi», neno la kumnyamazisha, ndiyo ilinitoa jasho: akinyamaza kidogo tu, ndakala, kesho yake namngoja anyamaze zaidi. «Aboie» nimelitupa, limeshaharibika. Na mwizi akisikia mtu anauliza «Nani?» ndani ya nyumba, atajuaje kuwa naongea na mbwa?

Kwa ndakala wa kikombe kimoja, wandugu. Nirudishiwe basi hata zile dolari 60 za mwisho, au alipe sindano. Namba yangu hapokei tena. Kuna mtu hapa alishapata feza yake kwa watu wa namna hii? Alipitia wapi, kwa chefu wa avenyu au moja kwa moja polisi?

Na aliyewahi kumtoa mbwa hofu ya gunia anisaidie. Nimeweka moja tupu mwisho wa lupango, kila siku namlisha hatua moja karibu zaidi, bado anatetemeka. Baba wa makala bado anapita, ila upande wa pili wa barabara. Sisi ndio tunavuka kwenda kununua.