Pori la akiba, hifadhi ya taifa, pori tengefu au WMA (eneo la wanyamapori la vijiji): twende wapi Julai?

Kijana_wa_Hema: Wakuu, habari za humu. Tuko sita, tuna siku nne Julai. Wawili wana bunduki za marisawa, wanataka kanga. Sisi wengine tunataka kutembea kwa miguu na kulala hemani, basi. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Nyie mnalinganishaje?

MarisawaMbili: Hifadhi ya taifa ifute kwanza. Kwa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, hakuna kuwinda hata kware. Na watu bado wanachanganya Nyerere na Selous: tangu 2019 sehemu kubwa ya ile Selous ya zamani ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Iliyobaki na jina la Selous ndiyo pori la akiba, iko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori.

Sasa usifurahie neno "pori la akiba". Kuwinda kupo, ila kwa vitalu, yaani vipande vya pori vilivyogawiwa kwa uwindaji, na vitalu wanavyo makampuni ya uwindaji wa kitalii. Mgeni anakuja na mwindaji bingwa wake, analipa kwa dola. Wewe na kanga wako wawili hapo huna lako. Sisi wenyeji kwetu ni mapori tengefu (nayo yametengwa kwa wanyamapori, ila masharti si makali kama ya pori la akiba) na maeneo ya wazi, yaliyo nje ya hifadhi.

Kijana_wa_Hema: Jamaa wanasema leseni wanazo.

MarisawaMbili: Za kumiliki bunduki au za kuwinda? Ni vitu viwili, mkuu. Waende kwa ofisa wanyamapori wa wilaya wanakokwenda kuwinda. Leseni itaandikwa mnyama gani, wangapi, wapi. Na hakuna kuwinda usiku, hakuna tochi, hakuna kupiga kutoka kwenye gari. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haina utani.

Binti_Mto: Mimi nasema msikae pamoja kabisa. Tulifanya hivyo mwaka juzi. Alfajiri wawindaji wamejibanza kwenye nyasi, kundi la kanga linakuja likichakura taratibu, mita arobaini hivi. Huku nyuma mwenzetu anafungua zipu ya hema na kuuliza chai iko wapi. Kanga hata hawakuruka, walitimua mbio chini kwa chini wakapotea kichakani. Kaka yangu hakunisemesha hadi mchana, na aliyeuliza chai wala si mimi!

Mzee_wa_Kichuguu: 😂 Kanga ndivyo alivyo, atakimbia kwanza, kuruka baadaye. Ila dada, unawapeleka wapi hao wa chai?

Binti_Mto: WMA, shikamoo mzee. Ardhi ni ya vijiji, kwa hiyo ada yako kijiji nacho kinapata fungu. Randileni kwa mfano, jirani na Tarangire, unatembea na askari wao wa kijiji anayejua kila korongo. Nyerere pia unaweza kutembea na askari mwenye silaha, lakini ada za hifadhi zitawauma.

Mzee_wa_Kichuguu: Marahaba. Mimi nabisha kidogo. Mmelisema pori la akiba kana kwamba ni la wenye bunduki tu. Mpanga-Kipengere ni pori la akiba, na watu wanakwenda kuangalia maporomoko ya maji. Pande nayo ipo hapo hapo Dar, wanatembea na kuendesha baiskeli. Aliye na siku moja tu, hiyo inamtosha. Lakini kwa siku nne, WMA ya dada ndiyo ningeichukua hata mimi.

Kijana_wa_Hema: Basi tunagawana: wawili pori tengefu baada ya kumwona ofisa wa wilaya, wanne WMA. Nguo tubebe za namna gani?

MarisawaMbili: Kaki au kijani iliyopauka. Bluu na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko mnavyozipenda nyie. Na huyo wa chai abaki kwa dada.